Namba za Damu ya Mdogo Wangu

Ukikuta kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, imeandikwa 1.1 kwenye karatasi ya mwezi uliopita na 97 kwenye karatasi ya leo, usianze kulia. Maabara ya kwanza imeandika kwa miligramu katika desilita moja, ya pili kwa mikromoli katika lita. Zidisha 1.1 kwa 88.4, utapata 97 na kidogo. Figo iko vilevile. Naanza na hili kwa sababu kliniki niliwahi kukaa benchi moja na mama aliyetoka ng'ambo ya Sengerema, naye alikuwa ameshazungumza na mnunuzi wa ng'ombe wake kwa ajili ya namba hiyo. Alidhani figo za mwanawe zimekufa ndani ya mwezi mmoja.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Mwanza. Mdogo wangu wa kike ana lupasi, na lupasi yake imeingia kwenye figo. Nyumbani waliona mapema kwamba kazi ya kushika karatasi za maabara inanifaa mimi, maana wengine wakiziona tu wanaingiwa na hofu. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari: tarehe, presha, uzito, protini kwenye mkojo, kreatinini, C3, C4, kingamwili dhidi ya DNA. Ninayoyaandika hapa yametoka humo, pamoja na maswali niliyowauliza madaktari na niliyoyasoma usiku wa manane. Mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti kwamba jina lake nisiliweke.

Kinga ya mwili kazi yake ni kupambana na vijidudu vilivyoingia kutoka nje. Kwa mwenye lupasi, kinga hiyo hutengeneza kingamwili dhidi ya mwili wenyewe, hata dhidi ya DNA iliyomo ndani ya seli zetu. Kingamwili hizo zikishikana na kile zinachokishambulia huwa vifurushi vidogo sana ambavyo huzunguka kwenye damu, na vingine hunasa kwenye vichujio vya figo. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja. Vifurushi vikishanasa huamsha kundi jingine la protini za kinga liitwalo komplimenti, ambalo C3 na C4 ni sehemu yake, na hapo ndipo uvimbe na uharibifu huanza. Komplimenti hutumika kwa wingi kiasi kwamba akiba yake kwenye damu hupungua. Ndiyo maana ugonjwa ukichachamaa C3 na C4 hushuka, huku kingamwili dhidi ya DNA zikipanda. Nilipoichora mistari hiyo miwili kwa mara ya kwanza nilikaa nikiitazama kwa muda mrefu. Niliona pale ilipopishana ndipo miguu yake ilipovimba hadi viatu vikamkataa.

Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, karibu 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa kwenye umri wa kuzaa. Kati ya theluthi na nusu yao hivi hupata shida ya figo wakati fulani.

Huku kwetu kando ya ziwa, ugonjwa huu huchelewa kutambuliwa kwa sababu zinazoeleweka. Mtu akiamka uso umevimba, viungo vinauma, homa inakuja na kuondoka, mkojo una povu au una damu, kuna magonjwa mengi ya kufikiria kabla ya lupasi. Mdogo wangu alitibiwa malaria, taifodi, UTI na kichocho, kwa zamu, kabla ya mtu kupima protini kwenye mkojo wake. Sina neno na aliyewaza kichocho. Ukanda huu una kichocho kweli. Konokono wanaobeba vimelea wamo kwenye maji ya mwambao, na watoto wa shule hugawiwa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimeenea zaidi kwenye vijiji vya pwani ya ziwa na visiwani, chenyewe kinaweza kudhuru vichujio vya figo. Ukienda bara kidogo, upande wa Misungwi na Kwimba kwenye malambo, unakutana na kile cha kibofu kinacholeta damu kwenye mkojo. Kwa hiyo anayewaza kichocho kwanza yuko sahihi kabisa. Kosa ni kuishia hapo. Msichana wa miaka ishirini na kitu ameshakunywa dawa, damu kwenye mkojo ipo palepale, protini imejaa, presha imepanda: huyo anahitaji kutazamwa figo, na haraka. Kijiti cha kupimia mkojo ni cha bei ndogo na majibu yake hutoka ndani ya dakika chache. Kuna zahanati nyingi ambako kipo kabatini kwa ajili ya mama wajawazito tu. Ningependa kitumike kwa kila kijana anayekuja amevimba uso.

Hata C3 yenyewe ina mitego yake. Mtoto aliyeumwa koo au aliyekuwa na vidonda vya ngozi vya bakteria anaweza wiki chache baadaye kupata uvimbe wa figo, na C3 yake ikashuka vibaya. Ila mara nyingi C4 yake hubaki sawa, na ndani ya wiki 8 hivi C3 hupanda yenyewe na mtoto akapona. Kwenye lupasi mara nyingi zote mbili hushuka pamoja. Nayo maambukizi ya muda mrefu, ambayo kwetu hayakosekani, yanaweza kuzalisha kingamwili za kujishambulia kwa kiwango kidogo bila mtu kuwa na lupasi. Karatasi yenye jibu moja la ndiyo haitoshi kumvika mtu ugonjwa wa maisha.

Lililokuwa linatunyima usingizi lilikuwa swali jingine. Tulikuwa tumeshajua jina la ugonjwa. Bayopsi ilishafanyika, kinyama kidogo cha figo kikachukuliwa kwa sindano, kikatazamwa kwa hadubini. Daktari akasema ni daraja la 4, katika madaraja 6 yanayotumika kuzipanga figo zenye lupasi. Daraja hilo ni kali lakini linasikia dawa. Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu, atakuja kusafishwa damu?" Alimwita daktari mwanangu, maana alikuwa kijana. Daktari hakumjibu ndiyo wala hapana. Alisema, "Mama, damu yake itatuambia kidogo kidogo. Njooni kila tarehe niliyowaandikia."

Wakati ule jibu hilo lilinikera. Leo naona ndilo jibu la kweli pekee lililokuwepo.

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi likapita rekodi ya 1964. Nyumba za mwambao ziliingiliwa na maji, mialo ikahama. Mtu aliyefika Kirumba siku moja ya mwezi Mei akatazama maji asingeweza kusema kama yanapanda au yanashuka. Aliyekuwa na alama zake kwenye jiwe, pamoja na tarehe, alijua. Kipimo kimoja cha damu kina tabia hiyohiyo. C3 ya mdogo wangu haijawahi kufika kiwango kinachochapishwa pembeni kama cha kawaida, hata alipokuwa mzima kabisa. Daktari mgeni akiiona anashtuka. Sisi tunaotazama kurasa zote tunajua kwamba hapo ndipo inapokaa ikiwa imetulia, na kwamba ikishuka chini ya hapo, ndani ya wiki kadhaa mkojo utaanza povu.

Kuhusu kreatinini nina mengi, maana ndiyo kipimo ambacho kila mtu anakijua na ndicho kinachodanganya watu wengi zaidi. Ni taka inayotoka kwenye misuli, figo huitoa. Mjerumani Max Jaffe alieleza mwaka 1886 jinsi inavyobadilika rangi ikichanganywa na asidi ya pikriki, na maabara nyingi duniani bado zinatumia njia iliyotokana na hiyo. Shida ni kwamba figo zina akiba kubwa. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja kabla kreatinini haijatoka nje ya mipaka ya kawaida. Halafu inategemea misuli. Mgonjwa aliyekonda, aliyekula prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, mpaka mapaja yakayeyuka, anatoa kreatinini kidogo, na karatasi inasema figo nzuri kumbe hazifai. Akila nyama nyingi iliyopikwa kabla ya kutoa damu, inapanda bila sababu ya ugonjwa. Na maabara mbili zinaweza kutofautiana kidogo hata sampuli ikiwa moja, kwa hiyo tulichagua maabara moja na tukabaki nayo.

Kutoka kwenye kreatinini hukokotolewa makadirio ya kasi ya uchujaji, ile inayoandikwa eGFR. Hapa kuna jambo ambalo kila Mtanzania mwenye ugonjwa wa figo anastahili kulijua. Kanuni iliyotumika sana tangu 2009 ilikuwa na sehemu ya kuuliza kama mtu ni mweusi. Akiwa mweusi, jibu lilizidishwa kwa 1.159, yaani figo zake zilihesabiwa kuwa nzuri kwa karibu asilimia 16 kuliko za mzungu mwenye kreatinini, umri na jinsia ileile. Kanuni hiyo ilitungwa Marekani na sehemu hiyo ilitokana na watu wa huko. Mwaka 2021 ikatolewa kanuni mpya isiyouliza rangi. Mwaka uliofuata, matokeo ya uchunguzi uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, ambako uchujaji ulipimwa kwa njia ya uhakika zaidi, yalionyesha kwamba hesabu za kreatinini zilikuwa zinazisifia figo za Waafrika kupita uwezo wake, na kwamba protini nyingine ya damu, sistatini C, ilikaribia ukweli zaidi. Mashine nyingine bado zina kanuni ya zamani ndani yake. Nilipokokotoa upya majibu ya nyuma ya mdogo wangu kwa kanuni ya 2021, mstari wote ulishuka. Si kwamba aliumwa zaidi siku hiyo. Ila dozi za baadhi ya dawa hupangwa kwa namba hiyo, na uamuzi wa kumpeleka mtu kwa bingwa wa figo pia. Nilikasirika, na bado sijaacha kukasirika.

(Sistatini C nayo si malaika. Prednisoloni nyingi huipandisha. Kwa mgonjwa wa lupasi aliye kwenye dozi kubwa, zote mbili zinahitaji kusomwa kwa uangalifu.)

Sasa kingamwili dhidi ya DNA. Zilitambuliwa mwaka 1957 na hadi leo ndizo za kwanza kuulizwa. Zikipanda, uwezekano wa ugonjwa kuamka unaongezeka. Lakini kuna watu ambao zinapanda na kukaa juu miaka na hakuna kinachoumwa: mkojo safi, presha nzuri, ngozi haina doa. Je, daktari atibu karatasi au atibu mtu? Uholanzi walijaribu. Katika uchunguzi uliochapishwa 1995, wagonjwa ambao kingamwili zao zilipanda waligawanywa: wengine wakaongezewa prednisoni, ndugu ya prednisoloni, palepale, wengine wakasubiriwa. Walioongezewa walipata milipuko ya ugonjwa michache kuliko waliosubiriwa. Ukisoma hivyo unaweza kusema basi, tuongeze dawa kila mstari ukipanda. Lakini fikiria msichana ambaye mstari wake hupanda mara kwa mara na ugonjwa haufuati kila mara. Kila nyongeza inamletea sura ya mviringo, chunusi, sukari, mifupa dhaifu, usiku bila usingizi. Mdogo wangu aliwahi kuniambia anaogopa kioo kuliko sindano. Siku hizi madaktari wengi huchukua njia ya kati: mstari ukipanda hawaongezi dozi, ila wanaitisha mkojo na C3 mapema zaidi kuliko ilivyopangwa. Hilo ndilo tunalofanyiwa, na nadhani ni haki, mradi vipimo hivyo vipatikane. Kwetu sampuli za kingamwili husafirishwa mbali na majibu huchelewa. Mara nyingine yanafika wakati hali ilishabadilika. Mkojo na presha havichelewi.

Ninawaonea wivu wa heri wagonjwa wa ugonjwa mmoja wa jirani na huu, kwa sababu kwao damu inatabiri vizuri ajabu. Unaitwa nefropathi ya membrani. Huwapata hasa watu wazima, wanaume zaidi, na dalili yake kubwa ni kuvimba na kumwaga protini nyingi kwenye mkojo. Kwa miongo mingi ilijulikana kwamba karibu theluthi ya wagonjwa hupona bila dawa kali, wengine hubaki na protini bila figo kuanguka haraka, na wengine huishia kusafishwa damu. Hakuna aliyeweza kusema mapema nani ataangukia wapi. Daktari alisubiri miezi 6 huku mtu akivimba. Mwaka 2009, Laurence Beck, David Salant na wenzao, wakifanya kazi Boston, waliipata kingamwili inayoshambulia kipokezi kiitwacho PLA2R kilichoko kwenye seli za vichujio. Waliikuta kwa wagonjwa 26 kati ya 37, yaani asilimia 70.

Tangu hapo mambo yakabadilika. Mtu akiwa na kingamwili nyingi sana, matumaini ya kupona bila dawa ni madogo, na daktari hana haja ya kumngoja avimbe zaidi. Zikianza kupungua, kupona kunakuja, hata kama mkojo bado una povu: kingamwili hutangulia kushuka na protini hufuata miezi kadhaa baadaye. Ukijua hilo hukati tamaa na dawa inayofanya kazi, wala huongezi nyingine bila sababu. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 uliruhusu hata kuacha bayopsi kwa mtu aliyevimba, anayemwaga protini nyingi na mwenye kingamwili hizo, kama hakuna mambo mengine ya kutilia shaka. Fikiria maana yake kwa mzee wa Ukerewe ambaye kumchoma sindano ya figo na kupata mtaalamu wa kusoma kinyama chake ni safari ndefu. Bado lazima atazamwe homa ya ini B na saratani, maana hizo pia huleta figo za namna hiyo. Ila chupa moja ya damu inaweza kufanya kazi kubwa. Kama kuna kipimo kimoja ambacho ningepiga debe kiletwe kwa bei ya kawaida katika kila hospitali ya rufaa ya kanda, ni hiki.

Upande mwingine upo ugonjwa wa figo wa IgA, aina mojawapo ya kingamwili, ambao Jean Berger na Nicole Hinglais waliueleza Paris mwaka 1968. Mtu anaumwa mafua au koo, kesho yake mkojo mwekundu. Kwenye damu kuna IgA iliyopungukiwa sukari fulani, na kingamwili zinazoishambulia. Watafiti wameipima kwa miaka mingi. Mwaka 2019 ikatolewa kanuni ya kukadiria hatari ya figo kupoteza nusu ya uwezo wake au kufa kabisa ndani ya miaka 5, iliyojengwa kwa taarifa za wagonjwa karibu 4,000. Nilipoisoma kama mwalimu wa hisabati nilishangaa: IgA hiyo yenye kasoro haimo. Kilichomo ni eGFR, presha, protini kwenye mkojo, alama za bayopsi, umri, dawa anazotumia, na asili ya mtu. Kwenye asili kuna Mzungu, Mchina, Mjapani, na wengineo. Mtoto wa Nyamagana, hapa Mwanza, ni wengineo.

Na hapa nataka niseme kitu kuhusu asilimia, maana ni somo langu. Kanuni ikisema hatari ni asilimia 20, maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wanaofanana na huyu, 20 watafikia hali hiyo mbaya na 80 hawatafikia. Haisemi huyu yupo upande gani. Wala haimaanishi figo zake zimepoteza asilimia 20. Nimesikia tafsiri zote mbili kwenye benchi la kliniki, na nimemwona baba mmoja akikunja karatasi na kuiweka mfukoni kana kwamba ni hukumu. Wauguzi wana foleni ndefu, sitawalaumu, lakini dakika tatu za kuchora duara 100 kwenye karatasi na kuzipaka rangi 20 zingemsaidia yule baba kuliko maneno mengi.

Kuna kipimo kingine cha damu ambacho hakibadiliki toka kuzaliwa hadi kufa. Mwaka 2010 iligundulika kwamba jeni iitwayo APOL1 ina maumbo mawili, G1 na G2, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika. Mtu akirithi mawili, moja kwa kila mzazi, figo zake ziko hatarini zaidi, na utafiti wa Wamarekani weusi wenye lupasi ya figo ulionyesha kwamba wenye mawili walifika kwenye kusafishwa damu mapema zaidi. Kwa nini maumbo hayo yalienea? Kwa sababu yanahusiana na kinga dhidi ya malale. Mtu wa ziwa hili akisikia hivyo anakumbuka hadithi za wazee. Kati ya 1900 na 1920 hivi, malale iliua zaidi ya watu 200,000 kwenye mwambao wa kaskazini, upande wa Uganda, na visiwa vikahamishwa watu. Robert Koch alifika hapa Mwanza mwaka 1906 akiitafuta, kisha akahamia visiwa vya Sese, ambako dawa yake ya atoksili iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Maumbo haya ya APOL1 ni mengi Afrika Magharibi kuliko kwetu, kwa hiyo isiwe sababu ya kila mtu wa Mwanza kuogopa damu yake. Lakini ni haki kwamba tupimwe na tuhesabiwe, badala ya kanuni kuwekewa kisanduku cha wengineo.

Watafiti wanaendelea kutafuta viashiria vingine. Mwaka 2022 waliripoti kingamwili dhidi ya nefrini, protini ya vichujio, kwa baadhi ya watoto na watu wazima wanaovimba ghafla kwa ugonjwa ambao kwa hadubini ya kawaida hauonyeshi kitu. Nayafuatilia haya yote kwa hamu. Hata hivyo, kwa lupasi ya figo, kilichonishangaza ni hiki: wataalamu walipochukua wagonjwa waliotibiwa Ulaya na kufuatiliwa miaka mingi, wakatafuta ni kipimo gani cha mwaka wa kwanza kilichotabiri vizuri zaidi figo zitakuwaje baadaye, hakikuwa kingamwili, hakikuwa C3. Ilikuwa protini kwenye mkojo. Aliyeshuka chini ya gramu 0.7 au 0.8 kwa siku baada ya miezi 12 ya matibabu alikuwa na nafasi nzuri sana ya kubaki na figo zake. Damu inaonya kwamba kitu kinakuja. Mkojo unaeleza kama tiba imefika kwenye vichujio. Nikaongeza safu ya mkojo kwa kalamu nyekundu.

Mdogo wangu alivuka mstari huo. Alichelewa kidogo, ila alivuka. Anafanya kazi, anasafiri kwa daraja la Kigongo hadi Busisi kumwona shangazi bila kufikiria kivuko, anabishana na mama kuhusu chumvi. Haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi inayoweza kudhuru macho, anakunywa kila siku na macho yanapimwa.

Sasa ana mchumba, na swali limebadilika. Anataka mtoto. Maikofenoleti, dawa ya kutuliza kinga anayotumia, ni hatari kwa mimba, hivyo lazima abadilishiwe azathioprini kwanza, halafu ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6: presha sawa, protini chini, kreatinini haipandi. Vyote hivyo vipo. Kilichokaa vibaya ni kingamwili dhidi ya DNA, ambazo kwenye majibu ya mwisho zimepanda kuliko kawaida yake, ingawa C3 imebaki pale inapokaa na mkojo ni msafi. Daktari ameagiza kila kitu kirudiwe baada ya mwezi, dawa zibaki kama zilivyo. Mdogo wangu ameandika maswali matatu nyuma ya kaunta buku kwa ajili ya siku hiyo. La kwanza, C3 ikiwa haijashuka, azathioprini inaweza kuanza palepale? La pili, hiyo miezi 6 inahesabiwa kuanzia lini, siku ya kubadili dawa au siku mkojo ulipokuwa msafi? La tatu, kama kingamwili ni za namna ile inayokaa juu tu bila kuleta kitu, atasubiri hadi lini? Amenisisitiza, "Dada, tukiingia, anza na hilo la tatu."